Njia ya Akiba Ifungwe, Isikatwe

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana na wazazi hapa Lukozi, mkutanoni na hata sokoni kati ya magunia ya viazi na karoti. Jambo lenyewe ni ule mpango wa kuunganisha kwa nyaya kompyuta za shule yetu. Mimi ni mzazi, na kazi yangu ni ufundi wa mitandao ya kompyuta, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Hata hivyo sidai kwamba najua yote, na mwenye hoja bora kuliko yangu na anijibu katika toleo lijalo.

Mchoro uliowekwa mbele ya wazazi unaonyesha nyumba tatu: chumba cha kompyuta, maktaba, na ofisi ya walimu. Katika kila nyumba patakuwa na swichi moja, yaani kile kisanduku chenye matundu mengi ambamo kompyuta zote za nyumba ile huchomekwa. Waya wa kwanza utatoka chumba cha kompyuta kwenda maktaba. Wa pili utatoka maktaba kwenda ofisini. Na wa tatu utatoka ofisini kurudi chumba cha kompyuta. Ni pembetatu.

Hapo ndipo maneno yalipozuka. Wazazi wengine walisema, "Nyaya mbili zatosha kuunganisha nyumba tatu. Huu wa tatu ni wa nini? Afadhali fedha yake inunue madawati." Mzazi mwingine, ambaye kijana wake anafanya kazi Tanga, akasema ameambiwa kwamba nyaya zikizunguka hivyo mtandao mzima hufa, basi waya wa tatu si hasara tu, bali ni sumu. Mkutano ukaelekea kuufuta. Nami nasema kwamba wale wa kwanza wamekosea, na huyu wa pili amesema nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tuanze na ile nusu aliyoisema. Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Natuseme kuna vilima vitatu vinavyosikilizana, na juu ya kila kilima yupo mpiga mbiu. Kila mmoja amepewa amri moja tu: ukisikia mbiu kutoka kilima kimoja, irudie ili kilima kingine nacho kisikie. Vilima vikikaa katika mstari, amri hiyo ni njema. Wa kwanza apiga, wa kati arudia, wa mwisho asikia, na kazi imekwisha. Lakini vilima vikikaa pembetatu mambo hugeuka. Wa kwanza apiga, na wenzake wote wawili wasikia. Wa pili amrudia wa tatu, na wa tatu amrudia wa pili. Kila mmoja adhani amepata habari mpya, naye ampelekea wa kwanza. Wa kwanza naye, kwa kuwa ni mtiifu, airudia tena. Mbiu moja imekuwa mbili, moja yazunguka kulia na nyingine kushoto, wala hazitakoma mpaka wapiga mbiu waanguke kwa uchovu. Akitokea mtu mwingine mwenye habari yake, nayo huzidisha kelele ile ile, mpaka hapana anayeweza kusikia neno.

Swichi ni watiifu kama wapiga mbiu hao. Kompyuta hupeleka habari kwa vipande viitwavyo fremu, na kila fremu ina anwani ya mpelekaji na ya mpelekewa. Swichi huisoma anwani ya mpelekaji na kukumbuka ameingilia tundu gani, ili siku nyingine habari zake zipelekwe kwenye tundu hilo peke yake. Lakini fremu ya watu wote, au ya mtu ambaye swichi haijamjua bado, hutolewa katika matundu yote isipokuwa lile ilimoingilia. Nazo fremu za watu wote haziishi, maana kila kompyuta kabla ya kusema na mwenzake kwanza huuliza kwa sauti, "Nani mwenye anwani fulani?"

Tena liko jambo la pili lililo baya zaidi. Vifurushi vya intaneti vinavyopita katika rauta vimewekewa hesabu ya maisha yao, isiyoweza kuzidi 255. Kila rauta hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri kifurushi hutupwa. Fremu ya Ethaneti haikuwekewa hesabu hiyo. Haizeeki wala haifi. Ikipata duara itazunguka mara maelfu kwa sekunde mpaka mtu auchomoe waya. Na swichi zenyewe huchanganyikiwa, kwa sababu zaiona kompyuta ile ile mara imetokea kulia, mara imetokea kushoto, zikawa zaandika na kufuta bila kupumzika. Hali hii mafundi huiita tufani ya matangazo.

Nimeiona tufani hiyo kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyeileta. Nilipokuwa nikijifunza kazi niliwekwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Jioni moja, watu wamekwisha ondoka, nilikuwa nikipanga nyaya katika chumba cha mitambo. Nikaona waya mmoja ambao ncha yake moja imo ndani ya swichi na ya pili yaning'inia. Nikadhani umechomoka. Kwa kupenda unadhifu nikaichomeka ncha ile katika tundu lililokuwa wazi, la swichi ile ile, nikafunga mlango nikaenda zangu.

Asubuhi hapakuwa na kompyuta hata moja iliyoweza kusema na mwenzake. Watu walijipanga foleni mpaka nje. Mkubwa wa ofisi akauliza ni nani aliyeingia chumba cha mitambo jana. Akatajwa mzee mmoja aliyekuwa akifagia humo, naye akakemewa mbele ya wote kwamba amevuta nyaya kwa ufagio wake. Mzee alisema tu, "Mimi sikugusa kitu, mwanangu." Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Ni kweli kwamba sikujua bado kuwa kosa ni langu, lakini nilijua kwamba nimegusa waya, na sikusema. Ilifika saa nane za mchana ndipo fundi mkuu, akichomoa nyaya mmoja mmoja, alipoufikia ule wangu, na taa zote zilizokuwa zikimetameta kwa wazimu zikatulia. Hapo ndipo nilipokiri. Nilimwendea mzee kando nikamwomba radhi, naye akanisamehe. Lakini yeye alikemewa mbele ya watu, nami nilimwomba radhi faraghani, na jambo hilo lanisumbua hata leo.

Baada ya siku ile ofisi ilitoa amri kali: waya wowote wa ziada ukatwe. Ukakatwa hata waya wa pili uliokuwa ukienda ghorofa ya juu. Haikupita miezi mitatu panya akautafuna ule mmoja uliobaki, na ghorofa nzima ikakaa siku mbili bila kazi, ikingoja waya mpya uletwe na kupitishwa ukutani. Hesabuni wenyewe. Duara lilitunyima kazi muda wa nusu siku. Kukosa njia ya pili kulitunyima siku mbili. Tangu hapo nilifahamu kwamba dawa ya njia mbili si kukata mojawapo.

Dawa yenyewe ilikwisha patikana zamani. Mwaka 1985 Radia Perlman, mwanamke wa Marekani aliyekuwa mtaalamu katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alitunga kanuni ya kuzizuia swichi zisizungushe habari hata kama nyaya zenyewe zinazunguka. Tena alitunga shairi fupi la kuieleza, jambo ambalo washairi wa shule hii hawatalidharau. Kanuni hiyo huitwa itifaki ya Spaningi Trii, au kwa kifupi STP, nayo iliingizwa mwaka 1990 katika kanuni za taasisi ya IEEE kwa namba 802.1D. Nawaomba wasichana wetu wanaoambiwa kwamba kompyuta ni kazi ya wavulana walikumbuke jina la mama huyo.

Neno "trii" maana yake ni mti, na mfano huo watufaa sana sisi wa Usambara. Nenda katika msitu wa Magamba utazame mti wowote. Kutoka shinani mpaka jani lolote ipo njia moja tu, kwa kuwa matawi yakiachana hayarudi kuungana. Penye mti hapana duara. Basi kanuni ya Perlman huzifanya swichi zichague zenyewe, kati ya nyaya zote zilizopo, zile zinazotosha kufanya mti, na zilizobaki zifungwe kwa muda. Mambo yenyewe huenda hivi.

Kwanza huchaguliwa mkubwa, nami nitamwita zumbe kama tulivyowaita watawala wetu hapa milimani. Kila swichi ina namba yake, ambayo mwanzo wake ni cheo na mwisho wake ni anwani iliyopewa kiwandani. Kwa desturi cheo hicho huwa 32768. Mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye zumbe. Jambo la kuchekesha ni kwamba kila swichi ikiwashwa hujidai kuwa yenyewe ndiyo zumbe, na hutangaza hivyo kila baada ya sekunde 2. Lakini mara isikiapo namba iliyo ndogo kuliko yake, huacha madai yake na kuanza kutangaza jina la mwenzake. Laiti sisi wanadamu tungeacha madai yetu upesi namna hiyo!

Pili, kila swichi hutafuta njia rahisi kuliko zote ya kumfikia zumbe. Kila waya una gharama yake kwa kadiri ya mwendo wake. Katika jedwali la zamani waya wa megabiti 10 kwa sekunde huhesabiwa 100, wa megabiti 100 huhesabiwa 19, na wa gigabiti 1 huhesabiwa 4. Njia yenye jumla ndogo ndiyo ishikwayo.

Tatu, tundu lisilohitajiwa katika mti hufungwa. Hapa nataka msomaji asikilize kwa makini, maana ndipo penye hoja yangu. Tundu lililofungwa halipitishi habari za watu, lakini halilali. Laendelea kusikiliza yale matangazo ya zumbe. Tukirudi kwenye pembetatu yetu, natuseme zumbe ni swichi ya chumba cha kompyuta. Maktaba itamfikia kwa waya wa kwanza, na ofisi itamfikia kwa waya wa tatu. Waya wa pili, ulio kati ya maktaba na ofisi, utafungwa upande mmoja. Hapana duara, hapana tufani. Siku moja mtu analima bustani, jembe lake laukata waya wa kwanza. Maktaba haipati tena matangazo kwa njia ile, na ule waya wa pili uliokuwa umefungwa unafunguliwa wenyewe, na habari za maktaba zapitia ofisini. Katika STP ya kwanza mageuzi hayo yalichukua sekunde 30 mpaka 50. Tangu mwaka 2001 iko kanuni ya upesi zaidi, 802.1w, ambayo aghalabu humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache au hata chini ya moja. Mwanafunzi aliye maktaba huenda asijue kwamba kuna waya uliokatika.

Kwa hiyo yule mzazi mwenzangu alisema kweli kwamba pembetatu huua mtandao, ila hakuambiwa kwamba huua pale tu ambapo hakuna kanuni. Na wale wanaosema waya wa tatu ni hasara nawauliza: ni nani kati yetu hajapata kukwama na kabichi zake wakati wa masika, mawe yakiwa yameanguka katika barabara ya Mombo na Lushoto? Siku ile hapana anayeuliza faida ya njia ya pili. Twaisahau jua likiwaka.

Hata nchi nzima imekwisha jifunza somo hili. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulitufikia mwaka 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Tukaona tumepata njia mbili. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili iliharibika siku moja huko upande wa Afrika ya Kusini, na intaneti ikadhoofika sana katika Tanzania na nchi jirani. Mikongo ya baharini haiongozwi na STP, ina kanuni zake nyingine, lakini haja ni ile ile, nayo yatufundisha jambo: njia mbili zinazopita pahali pamoja zaweza kupatwa na ajali moja. Basi nyaya zetu tatu zisifukiwe katika handaki moja, maana jembe moja litakata zote.

Nisije nikaonekana kama muuza dawa anayesifu chupa yake, yanipasa niseme pia kwamba kanuni hii ina mipaka. Mwezi wa Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess huko Boston, Marekani, ilipatwa na msiba wa mtandao kwa muda wa siku kama nne, na madaktari wakarudia kuandika kwa karatasi. Mtandao wao ulikuwa umeongezwa swichi juu ya swichi kwa miaka, mpaka ukapita urefu ulioshauriwa wa swichi 7 kutoka ncha hata ncha. Habari nyingi zilipopelekwa kwa mara moja, matangazo hayakuweza kufika kwa wakati, na STP ikapotewa na hesabu yake. Mti nao ukikua ovyo huanguka. Shule yetu ina swichi tatu tu, lakini tabia ya kuongeza bila kufikiri huanza na tatu.

Kwa sababu hiyo siungi mkono waya wa tatu bila masharti. Nayataja masharti yangu matano.

La kwanza, zinunuliwe swichi zinazoijua kanuni hii ya upesi, na fundi ahakikishe imewashwa. Visanduku vya bei ndogo sana aghalabu havina kanuni hiyo kabisa. Tukinunua hivyo, basi kweli waya wa tatu ni sumu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuukata.

La pili, zumbe tumteue sisi wenyewe kwa kuipa swichi ya chumba cha kompyuta cheo kidogo, kama 4096. Tukiacha zote na 32768, atachaguliwa mwenye anwani ndogo ya kiwandani, na mara nyingi huyo huwa ndiye kongwe na mzito kuliko wote. Uzee wa swichi si hekima.

La tatu, matundu ya kompyuta za wanafunzi yawekewe ulinzi, hata kama mtu akichomeka swichi nyingine humo kwa makosa, tundu lile lijifunge lenyewe na wengine waendelee na kazi.

La nne, kila waya uandikwe jina katika ncha zote mbili, na mchoro ubandikwe ukutani. Kama ule waya wangu ungalikuwa na kijikaratasi, nisingaliugusa.

La tano, na ndilo kubwa kwangu, wanafunzi wafundishwe jambo hili badala ya kufungiwa mlango. Mwalimu na achomoe waya mmoja mbele yao, nao wapime kwa saa ni sekunde ngapi zapita mpaka maktaba ipate njia nyingine. Somo hilo la dakika kumi litakaa kichwani kuliko kurasa kumi za daftari. Na akitokea mwanafunzi aliyechomeka vibaya, akaja mwenyewe akasema, "Ni mimi, mwalimu," asichapwe wala asiaibishwe. Duara la waya hupatikana kwa dakika mbili ikiwa aliyelifanya amesema. Likifichwa huchukua siku nzima, na huenda akaumia mtu asiye na hatia, kama yule mzee.

Yumkini mtu atauliza: je, madawati? Sikatai kwamba madawati yahitajika. Lakini swichi zote tatu tumekwisha kubali kuzinunua, na handaki la nyaya mbili litachimbwa kwa vyovyote. Kilichobaki ni waya mmoja na kazi ya siku moja ya kuchimba. Kazi hiyo ya kuchimba mimi mwenyewe nitaifanya bila malipo, na mzazi atakayekuja na jembe lake tutashirikiana.

Nawaomba basi wazazi wenzangu, kabla ya mkutano ujao, tusifanye kama ile ofisi iliyokata kwa hasira ikajuta kwa panya. Njia ya akiba ifungwe kwa kanuni, isikatwe kwa hofu.

Ni mimi,
Mzazi na Fundi,
Lukozi.